Nahodha anapoingia ofisini, njia huanzia mkoani

SEPTEMBA 22, 2025, Sourav Ganguly, nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya kriketi ya India, alichaguliwa bila kupingwa kuwa rais wa Chama cha Kriketi cha Bengal (CAB), chenye makao yake mjini Kolkata. Huku kwetu habari hiyo ilipita kimya kimya. Kriketi si mchezo unaozungumzwa vijiweni Bariadi au Maswa, na hata Dar es Salaam, unakochezwa zaidi, wanaoufuatilia si wengi.

Hata hivyo, kuna jambo katika uchaguzi huo linalostahili kutazamwa na kila mdau wa michezo nchini. Ganguly hakuwa anapanda cheo. Alikwishakuwa rais wa Bodi ya Kriketi ya India (BCCI), chombo tajiri kuliko vyote duniani katika mchezo huo, kuanzia Oktoba 2019 hadi Oktoba 2022. Kurudi Bengal ni kurudi jimboni. Kwa kipimo cha hapa kwetu, ni sawa na rais mstaafu wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) kuchukua fomu ya kuwania uenyekiti wa chama cha soka cha Mkoa wa Simiyu, tena bila kuona haya.

Ni nani kati ya nyota wetu wa zamani angefanya hivyo? Swali hilo si la mzaha. Uongozi wa michezo, iwe India au Tanzania, hutolewa na mikoa. Mchezaji anayeutaka bila kupitia mkoani hugonga mwamba, na mkoa usio na wachezaji wake wa zamani ndani ya vyama vyake huishia kupiga kura kwa ajili ya watu wa mahali pengine.

Wapenzi wa michezo wa Afrika Mashariki wana sababu ya kumkumbuka Ganguly. Machi 20, 2003, katika Uwanja wa Kingsmead mjini Durban, Kenya ilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi dhidi ya India. Ilikuwa nchi ya kwanza isiyo na hadhi ya kucheza mechi za kriketi za siku tano, zinazohesabiwa kuwa kilele cha mchezo huo, kufika hatua hiyo. Njiani ilikuwa imeifunga Sri Lanka jijini Nairobi, siku Collins Obuya alipoangusha wiketi tano, na ilipewa pia pointi za mezani baada ya New Zealand kukataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama.

Ndoto ile ilizimwa na nahodha wa India mwenyewe. Ganguly alipiga mikimbio 111 bila kutolewa, India ikafikisha 270, na Kenya ikaishia 179. Nahodha wa Kenya, Steve Tikolo, alipambana hadi mikimbio 56, lakini wenzake walikuwa wakitoka mmoja baada ya mwingine.

Manahodha wawili walitoka uwanjani siku hiyo, na yaliyoupata mchezo katika nchi zao baada ya hapo yanaeleza mengi kuliko ubao wa matokeo. Kriketi ya Kenya iliporomoka. Migogoro ya wachezaji na viongozi kuhusu malipo ilizaa migomo. Mwaka 2004 Maurice Odumbe, mmoja wa nyota wa kikosi kile, alifungiwa miaka mitano kwa uhusiano na wacheza kamari. Mwaka 2005 chama cha zamani kilivunjika na kuundwa kingine, Cricket Kenya. Kufikia mwaka 2014 nchi ilikuwa imepoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Hakuna anayeweza kusema kwamba Wakenya walisahau kushika gongo. Kilichooza kilikuwa ofisi. Wala haikuwa kwamba ofisi hiyo ilikosa wachezaji kabisa, kwani Tom Tikolo, ndugu yake Steve na nahodha wa zamani vilevile, alikuja kuwa mtendaji mkuu wa Cricket Kenya. Jina la uwanjani lilimfikisha kwenye kiti, lakini nyumba yenyewe ilikwishapata nyufa, na mtu mmoja hawezi kuziba nyufa za nyumba nzima.

Tumrudie Ganguly. Alizaliwa Kolkata mwaka 1972, katika familia yenye uwezo. Mechi yake ya kwanza ya kimataifa, mwaka 1992, ilikuwa ya aibu: mikimbio mitatu, kisha akaachwa kwa miaka minne. Aliporudi mwaka 1996 alipiga mikimbio 131 katika mechi yake ya kwanza ya siku tano, tena katika Uwanja wa Lord's, London. Mwaka 2000, kashfa ya upangaji matokeo ilipoitikisa India, yeye ndiye aliyepewa unahodha. Aliiongoza timu katika mechi 49 za siku tano na kushinda 21. Mwaka 2005 aligombana na kocha Greg Chappell, akavuliwa unahodha na kuondolewa kikosini. Alirudi tena, akastaafu mwaka 2008.

Mtu wa sifa hizo angeweza kungoja nyumbani hadi aitwe makao makuu. Hakufanya hivyo. Mwaka 2014 aliingia katika chama cha jimbo lake akiwa katibu mshiriki, chini ya Jagmohan Dalmiya, mzee aliyekuwa ameongoza bodi ya India na hata Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC). Pale ndipo alipojifunza kazi ambazo hakuna shabiki anayezipigia makofi: viwanja vya vijana, ratiba za ligi za klabu, waamuzi wanaodai posho, wajumbe wanaotaka tiketi.

Dalmiya alipofariki Septemba 2015, Ganguly alipanda kuwa rais wa chama hicho. Hapa wasifu wake unapata doa dogo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka. Aliyetangaza kwamba Ganguly ndiye atakayeshika nafasi hiyo alikuwa Mamata Banerjee, waziri mkuu wa jimbo la West Bengal, tena akiwa katika ofisi za serikali ya jimbo. Chama cha michezo kilipata rais wake kwa tangazo la mwanasiasa. Anayedhani kwamba siasa kuingia michezoni ni ugonjwa wa Tanzania peke yake na aisome tarehe hiyo upya.

Wakati huo bodi ya taifa ilikuwa taabani. Kufuatia kashfa ya kamari katika ligi ya IPL mwaka 2013, Mahakama ya Juu ya India iliunda kamati chini ya Jaji Lodha, na mwaka 2016 ikayakubali mapendekezo yake. Mawaziri na watumishi wa umma wasiwe viongozi wa bodi. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 asigombee. Na kwa kanuni kama mahakama ilivyoirekebisha mwaka 2018, kiongozi aliyekaa madarakani miaka sita mfululizo, jimboni na taifani kwa pamoja, apumzike miaka mitatu kabla ya kurudi. Bodi ilipokaidi, Januari 2017 mahakama ilimwondoa rais wake, Anurag Thakur, na kukabidhi ofisi kwa kamati ya wasimamizi iliyoongozwa na Vinod Rai. Wasimamizi hao walikaa hadi Oktoba 23, 2019, siku Ganguly alipokalia kiti.

Kwa hesabu ya miaka sita, muda wake ulikuwa unakwisha katikati ya mwaka 2020, kwa kuwa miaka yake ya Bengal nayo ilihesabiwa. Bodi ilikwenda mahakamani kuomba kanuni ilegezwe. Kesi ikasogezwa, na huku ikisogezwa, rais akabaki ofisini. Alisimamia ligi ya mwaka 2020 iliyohamishiwa Falme za Kiarabu kwa sababu ya korona, na mwaka 2022 haki za matangazo ya ligi hiyo ziliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni 6 za Marekani. Septemba 2022 mahakama hatimaye ilikubali: kiongozi aweze kukaa miaka sita jimboni na sita mingine taifani.

Mwezi mmoja tu baadaye Ganguly alitoka. Mahakama ilikuwa imempa ruhusa ya kuendelea, lakini wenye kura hawakumpa kura. Nafasi yake ilichukuliwa na Roger Binny, mchezaji wa kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 1983. Aliyebaki ni katibu, Jay Shah, mtoto wa Waziri wa Mambo ya Ndani wa India, Amit Shah. Huyu hakuwahi kuichezea India hata mechi moja, lakini Desemba 2024 akawa mwenyekiti wa ICC. Sheria ilimzuia waziri kukaa kwenye bodi, haikumzuia mwanawe. Rais mchezaji alikuwa uso wa bodi, kalamu ilikuwa mkononi mwa katibu.

Mambo haya yanaihusuje Tanzania, na Bariadi hasa?

Yanahusu kwa sababu tunao akina Ganguly wetu, ingawa si wa kriketi. Aliye karibu zaidi naye ni Leodegar Tenga. Alikuwa nahodha wa Taifa Stars iliyocheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Lagos mwaka 1980, fainali ambazo Tanzania haikuziona tena hadi mwaka 2019. Desemba 2004 alichaguliwa kuongoza soka la nchi, wakati chama cha zamani, FAT, kilikuwa kimechoshwa na migogoro hadi kuwachosha na mashabiki. Chini yake FAT ikawa TFF, wadhamini wakarudi, na timu ya taifa ikapata kocha wa kigeni, Mbrazili Marcio Maximo, kwa msaada wa Serikali ya Rais Jakaya Kikwete. Mwaka 2009 Taifa Stars ilicheza fainali za kwanza za Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, nchini Ivory Coast.

Yapo ya kumlaumu Tenga, na magazeti ya wakati ule hayakumwonea haya. Ligi za vijana hazikukua kwa kasi iliyoahidiwa, na mikoa ya pembezoni ililalamika kuwa fedha zinaishia Dar es Salaam. Lakini alifanya jambo moja ambalo si la kawaida katika vyama vyetu. Baada ya vipindi viwili alisema hatagombea tena, na uchaguzi ulipofanyika Oktoba 2013, baada ya kuahirishwa, aliondoka. Hakuna mahakama iliyomtoa.

Kuna jingine kuhusu Tenga ambalo husahaulika. Huyu alikuwa mhandisi kitaaluma, na alipata kuwa mtendaji mkuu wa Shirikisho la Wenye Viwanda Tanzania. Alipoingia ofisi ya soka hakuwa akijifunza kusoma hesabu za taasisi kwa mara ya kwanza. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Mkoa wa Mara, jirani na Simiyu, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 na baadaye kuwa katibu mkuu wa Riadha Tanzania (RT), alisoma chuo kikuu nchini Marekani, Texas. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 na kuja kuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi, ni ofisa wa jeshi aliyeanzisha pia shule. Waliofika na kudumu walikuwa na kitu cha pili mkononi mbali na medali.

Sasa tuwatazame wasiofika. Ally Mayay, nahodha wa zamani wa Yanga na mchezaji wa Taifa Stars, ni mtu anayejulikana na kila mfuatiliaji wa soka kwa uchambuzi wake. Agosti 2017 aligombea urais wa TFF katika uchaguzi uliofanyika Dodoma. Redioni na mitandaoni ungedhani atashinda. Ndani ya ukumbi Wallace Karia, aliyekuwa makamu wa rais, alipata kura 95, na Mayay akaambulia chache sana. Mwaka 2021 alijitokeza tena, safari hii hakufika hata kwenye sanduku la kura, kwa kuwa hakupata idadi iliyotakiwa ya wadhamini kutoka miongoni mwa wanachama wa shirikisho. Baadaye Serikali ilimteua kuongoza Idara ya Maendeleo ya Michezo wizarani, jambo linaloonyesha kwamba uwezo wake haukuwa na shaka kwa aliyetaka kuutumia.

Walilalamika wengi kwamba kanuni ya wadhamini imewekwa kuwazuia wapinzani. Inawezekana, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya kanuni inayomwezesha mgombea mmoja kukusanya karibu wadhamini wote haina budi kuangaliwa upya, hasa baada ya Karia kubaki mgombea pekee katika uchaguzi wa Agosti 2025 jijini Tanga. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeona nusu ya tatizo. Wanachama hao ni akina nani?

Ni vyama vya soka vya mikoa, klabu za Ligi Kuu na vyama shiriki, kikiwamo cha wachezaji. Katika mkutano mkuu wa TFF, chama cha mkoa wa pembezoni kina wajumbe sawa na cha Dar es Salaam. Watu wa Bariadi wengi hawalijui hili. Hadi mwaka 2012 Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, na sauti yake katika soka la taifa ilipitia Shinyanga. Simiyu ilipotangazwa kuwa mkoa, ikiwa na wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, haikupata mkuu wa mkoa na majengo ya ofisi tu. Ilipata pia haki ya kuwa na vyama vyake vya michezo, na kupitia vyama hivyo, kura Dar es Salaam, Dodoma au Tanga, popote mkutano unapoitwa.

Kwa sensa ya mwaka 2022 mkoa huu una watu zaidi ya milioni mbili. Ni mkoa wa pamba na ng'ombe, wenye Ziwa Victoria upande mmoja na Serengeti upande mwingine, na watu wake hawakungoja TFF ndipo wajue kushindana. Wagika na wagalu wamekuwa wakipimana nguvu kwa ngoma vizazi na vizazi, na huko asiye na wafuasi haendelei kuwa kiongozi wa ngoma hata akiwa na sauti ya dhahabu. Baiskeli nazo, ambazo kwa Msukuma ni chombo cha kazi kabla ya kuwa cha mchezo, zimepata mashindano yake, likiwamo Tamasha la Simiyu Jambo lililofanyika Bariadi.

Tamasha hilo linatuleta kwa mtu mwingine. Kuanzia mwaka 2016 hadi 2021 Mkuu wa Mkoa wa Simiyu alikuwa Anthony Mtaka, na katika miaka hiyo hiyo alikuwa Rais wa Riadha Tanzania, nafasi aliyochaguliwa mwaka 2012. Kwa hiyo kwa takriban miaka mitano mkuu wa riadha ya nchi alikuwa na makazi yake Bariadi. Ni mikoa michache ya pembezoni iliyowahi kupata bahati ya namna hiyo.

Mpangilio wa RT ulikuwa kinyume cha ule wa India. Kule mchezaji alikuwa rais na mtoto wa mwanasiasa akawa katibu. Hapa mwanasiasa alikuwa rais, na ukatibu mkuu ulishikwa na wakimbiaji, kwanza Nyambui, kisha Wilhelm Gidabuday. Ukiniuliza ni upi unaomfaa mchezaji, nitasema wa RT. Katibu ndiye anayeandika barua kwa shirikisho la dunia, anayetafuta viza, anayejua ni kijana gani ameumia goti na ni yupi anadanganya umri. Rais hukata utepe. Mwaka 2017, Mtaka akiwa rais, Alphonce Simbu alipata medali ya shaba ya marathoni katika mashindano ya dunia mjini London, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo tangu fedha ya Christopher Isegwe mwaka 2005. Simbu huyo huyo alikuja kutwaa dhahabu Tokyo, Septemba 2025, chini ya uongozi mwingine.

Lakini mpangilio huo una gharama. Chini ya kanuni za Lodha, Mtaka asingeruhusiwa kuwa rais wa chama chochote cha kriketi India, kwa kuwa ni mtumishi wa Serikali. Sisemi kanuni hiyo ihamishiwe kwetu kama ilivyo. Nchi ambayo chama cha riadha huhangaika kupata nauli ya timu haiwezi kumfukuza mlangoni mtu anayeweza kumpigia simu mfadhili akasikilizwa. Tatizo ni kwamba mkuu wa mkoa huhamishwa. Mei 2021 Mtaka alipelekwa Dodoma, na baadaye Njombe. Simu zilizokuwa zikipigwa kutoka Bariadi zikaanza kupigwa kutoka kwingine. Chama cha mkoa kinachotegemea cheo cha mtu mmoja huishi kwa ratiba ya uhamisho wa Ikulu.

Anayebaki mkoani ni mchezaji aliyestaafu. Huyu hana pa kuhamishiwa. Yuko Nyakabindi analima pamba, au ana duka karibu na stendi ya Bariadi, au anafundisha shule ya msingi Itilima. Alicheza UMISSETA, pengine akafika ligi daraja la kwanza Mwanza au Shinyanga. Katika chama cha wilaya yake mara nyingi hayumo. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu kwamba vyama ni vya wafanyabiashara na madiwani, na kwamba mwenye kugharimia usafiri wa timu ndiye mwenyekiti. Jibu hilo lina ukweli. Kamati isiyolipwa humwendea mwenye gari.

Hata hivyo, Ganguly naye alikuta Bengal wafanyabiashara na wanasiasa. Tofauti ni kwamba alikubali cheo cha chini na kukaa nao meza moja. Aliyezoea kushangiliwa na maelfu si rahisi kukubali kuhesabu jezi. Nyota wetu wengi hungojea wito wa taifa, na wito usipokuja huenda studio za redio, ambako husema kweli tupu kuhusu viongozi waliochaguliwa na wajumbe ambao wao hawakuwahi kuwatembelea.

Suala la shule nalo halikwepeki. Kanuni za uchaguzi za vyama vingi huweka kiwango cha elimu kwa mgombea, na kijana aliyeacha masomo kidato cha pili kwa sababu ya kipaji hujikuta, akiwa na miaka 40, hawezi hata kujaza fomu. Kwa watu wa Simiyu dawa ya hili haiko mbali kama wengi wanavyodhani. Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya kipo wilayani Kwimba, Mwanza, kwenye reli ile ile inayopita Malampaka wilayani Maswa, stesheni inayofuata. Chuo hicho hufundisha ukocha na uongozi wa michezo. Halmashauri za mkoa huu, ambazo kila mwaka hutenga fedha za kupeleka watoto UMITASHUMTA, zingeweza kulipia masomo ya mchezaji mmoja mstaafu kwa kila wilaya. Watano kwa mwaka si mzigo kwa mkoa, na ndani ya kipindi kimoja cha uongozi wangekuwa ishirini.

Kriketi yenyewe haijatuacha nyuma kabisa katika hili. Mwaka 1975 kikosi cha Afrika Mashariki kilichocheza Kombe la Dunia la kwanza huko Uingereza kilikuwa na Watanzania, Praful Mehta na Shiraz Sumar. Oktoba 2008 Dar es Salaam iliandaa mashindano ya daraja la nne la dunia, na timu iliyotwaa ubingwa ilikuwa Afghanistan, ambayo leo inacheza na wakubwa. Mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe la Dunia la rika lao. Katika miaka 15 ijayo wachezaji hao watakuwa wamestaafu, na baadhi watataka kuongoza. Wakikuta mchezo ungali na makao mjini Dar es Salaam peke yake, hawatakuwa na mkoa wa kuanzia.

Kwa vyama vya Simiyu muda ni mfupi zaidi. Viongozi wa mikoa huchaguliwa kabla ya mkutano mkuu wa uchaguzi wa taifa, na wa wilaya kabla ya wa mkoa. Atakayetaka kusikika mwaka 2029, uchaguzi wa TFF utakaporudi iwapo kalenda ya miaka minne itafuatwa, anatakiwa awe ndani ya chama chake cha wilaya, Meatu au Busega, mwaka mmoja au miwili kabla ya hapo, akishika daftari la mahudhurio na kuwadai waamuzi ripoti zao za mechi.